Kumwona mtaalamu wa saikolojia si dalili ya wazimu

Dodoma, jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limehusishwa na wazimu kwa muda mrefu kiasi kwamba mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, akishauriwa kumwona mtaalamu wa saikolojia, huweza kujibu kwa uchungu kuwa mwanawe ana ugonjwa wa damu, hana kichaa. Uchungu huo unaeleweka, lakini dhana yenyewe si sahihi. Maumivu ya mifupa yanayorudi bila kutabirika, kulazwa mara kwa mara na kukosa masomo humjengea mtoto hofu, na hofu hiyo inaweza kuyazidisha maumivu.

Wala msaada wa mtaalamu huyo haumhusu mgonjwa peke yake. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyopo jijini humo, ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu, na kwa kawaida anayetoa uloto ni ndugu wa tumbo moja ambaye tishu zake zinaoana na za mgonjwa. Huyo naye mara nyingi ni mtoto. Anaweza kuogopa sindano asiseme, au kujilaumu hali ya mwenzake ikibadilika, huku mama akiwa wodini kwa wiki kadhaa na baba akibaki na wadogo Kondoa au Mpwapwa. Anahitaji kuelezwa, kwa lugha ya umri wake, kwamba uloto wake utajijenga upya. Mama naye aulizwe, na kwa maoni yangu swali hili husahaulika mno, kama yeye mwenyewe anapata usingizi. Pa kuanzia ni kwa daktari wa kliniki au afisa ustawi wa jamii wa hospitali.