Je, wajua kwa nini dramu humezwa na gitaa katika muziki wa shugezi?

Umekaa chumbani, kompyuta mbele yako. Dramu ulizorekodi jana, ukizisikiliza peke yake, zinatikisa kifua. Unafungulia gitaa, nne kwa mpigo, na snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, iliyokuwa ikipasua sasa inasikika kama mtu anayepiga mto kwa kiganja. Unapandisha dramu. Unapandisha tena. Taa nyekundu inawaka, na dramu bado ziko nyuma ya pazia. Zimekwenda wapi?

Shugezi ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa bendi kama My Bloody Valentine, Ride, Slowdive na Lush. Wapiga gitaa wake walisimama jukwaani wameinamisha vichwa, macho kwenye pedali, visanduku vya kubadilisha sauti ya gitaa, zilizotandazwa miguuni, ndipo waandishi wa magazeti ya muziki wakawaita watu wa kukodolea viatu, kwa Kiingereza shoegaze. Jibu la swali letu linaanzia kwenye pedali hizo.

Gitaa safi, ukiligusa, sauti yake huruka juu mara moja kisha hufifia. Pedali ya distosheni hukata vilele vya wimbi: kilichokuwa juu kinazuiwa, kilichokuwa chini kinainuliwa, mpaka mwanzo wa noti na mkia wake vinakaribia kulingana. Tena huzaa sauti nyingine juu ya ile ya kwanza. Waya wa hezi 110, yaani unaotetema mara 110 kwa sekunde, unaanza kutoa kwa nguvu 220, 330, 440, na kuendelea hadi maelfu. Mwangwi nao unakuja kuziba upenyo wowote uliobaki kati ya noti na noti. Huo ndio ukuta wa sauti tunaoupenda, na hauna dirisha.

Dramu ni kiumbe wa aina nyingine kabisa. Uhai wake uko katika milisekunde chache za mwanzo, fimbo inapogusa ngozi, na katika ukimya unaofuata. Mwili wa snea unakaa karibu na hezi 200, mpasuko wake kwenye 3,000 hadi 5,000. Gitaa zenye distosheni zimeshapanga humo humo. Sikio likipokea sauti mbili katika masafa yaleyale, yenye nguvu huifunika dhaifu, hata kama zote mbili zipo kwenye rekodi. Kwa hiyo snea yako haijapotea. Imefunikwa.

Ndiyo maana kuongeza sauti hakusaidii. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na ndani ya kompyuta hupasuka kweli: sauti ya kidijiti ina dari, desibeli 0 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na pigo likigonga dari linakatwa kichwa. Kichwa cha pigo ndicho kilichokuwa uzito wake.

Mimi huanza na gitaa, dramu sizigusi kwanza. Naondoa kila kilicho chini ya hezi 100 au 120 kwenye gitaa zote, maana huko ni makao ya besi na ya kiki, ile dramu kubwa ya kukanyagwa. Kisha napunguza desibeli 2 au 3 pale pale snea inapopasukia. Ukilisikiliza gitaa hilo peke yake utaona limekonda, na utashawishika kulirudishia. Usilirudishie. Hakuna msikilizaji atakayelisikia peke yake. Gitaa nazisukuma kushoto na kulia, kiki na snea nikaziacha katikati. Mwisho naweka kompresa, kifaa cha kubana sauti inapozidi, kwenye gitaa, lakini inayoendeshwa na snea: kila snea ikipiga, gitaa zinainama desibeli 2 kwa muda mfupi mno kisha zinasimama. Sikio halitambui kwamba zimeinama. Linachosikia ni snea iliyopata uzito.

Sikiliza jinsi albamu ya Loveless ya My Bloody Valentine, ya mwaka 1991, inavyofunguka. Snea inagonga mara nne peke yake, halafu ndipo gitaa zinapoporomoka. Kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa kuliko pedali zote, kwa sababu sikio limeshaifahamu snea, na likaendelea kuifuata hata ilipofunikwa. Na wewe unayepanga dramu kwa kompyuta kwa kukosa nafasi ya kuzipiga, usione aibu: mpiga dramu wao, Colm Ó Cíosóig, aliugua wakati wa kurekodi, na sehemu kubwa ya dramu za albamu hiyo zilijengwa kwa mapigo yake yaliyonaswa na kupangwa upya kwa mashine.

Lakini mpasuko pekee hautoshi. Uzito tunaousikia uko pia kwenye mkia wa pigo, pale chumba kinapojibu. Led Zeppelin, katika albamu yao ya mwaka 1971, waliweka dramu za John Bonham pale ngazi zinapoanzia katika nyumba ya Headley Grange, wakaning'iniza maikrofoni mbili juu ya ngazi hizo. Ukisikia uzito ule, unaisikia pia nyumba.

Nyumba kama hiyo sina, lakini nina bafu lenye vigae hadi darini. Huingiza spika ndani, nikacheza snea peke yake, maikrofoni nikaiweka mlangoni ikitazama ukuta badala ya spika. Kinachorudi nakirudisha kwenye wimbo, nakibana kwa kompresa hadi mkia uvimbe, kisha nakichanganya kidogo kidogo chini ya snea ya asili, ambayo siibani. Ya asili inabaki na mpasuko, ya bafuni inaleta mwili. Kama kompresa unaiweka kwenye snea yenyewe, iache ichelewe kushika kwa milisekunde 20 au 30, ili pigo lipite kwanza. Ikishika papo hapo, umeua ulichokuwa unakitafuta.

Sasa kiki, na hapa wengi wetu tunaorekodi nyumbani tunadanganywa na chumba. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye mita 3 kati ya ukuta na ukuta kinapatana na wimbi la hezi 57 hivi, mahali hasa kiki nyingi zinapovumia. Ukikaa katikati ya kuta hizo, wimbi hilo linajifuta, nawe unaona kiki haina besi. Unaiongezea, na bado huisikii, unaiongezea tena. Siku ya pili rafiki anakuuliza kwa nini spika za gari lake zinakoroma. Magodoro na mablanketi ukutani husaidia sauti za juu, ila besi hiyo huyapita kana kwamba hayapo.

Fanya hivi: cheza kiki na besi tu, kisha inuka kwenye kiti utembee polepole kutoka katikati ya chumba hadi ukutani. Utaisikia kiki ikijaa hatua kwa hatua, na wewe hujagusa kitu. Simama hapo kidogo, halafu vaa hedifoni, rudi kwenye kiti, na uanze kupunguza besi yote uliyoiongeza jana usiku.