Harakati za leo na za wazee wetu: nani alipata zaidi?

Kila muhula swali hili hurudi darasani, na mara nyingi anayeuliza ana jibu lake tayari. Vijana wanaamini kizazi chao ndicho kinachojua kudai, kwa kuwa video ya maandamano inafika Nairobi na London kabla moshi wa mabomu ya machozi haujatulia. Wazee ninaozungumza nao Tukuyu na Njombe kwa ajili ya utafiti wananiambia kinyume chake: sisi tuliwaondoa Waingereza, hawa wa leo wamemwondoa nani?

Mimi ni mwalimu wa historia ya siasa hapa Mbeya, na harakati za umma ndilo eneo nililolisomea. Ninavyoona, harakati za leo hupata jambo lao la kwanza haraka kuliko za zamani, na hulipoteza haraka vilevile. Za zamani, yaani zile zilizofaulu, zilichelewa sana kupata, ila zikishapata zilijua kushikilia. Sioni kwamba watu wa wakati ule walikuwa na ushujaa zaidi. Walikuwa na kitu kilichokwisha kujengwa kabla hawajaingia barabarani.

Nimesema zile zilizofaulu, kwa sababu tukitaja harakati za babu zetu tunakumbuka Uhuru na kusahau mlolongo wa walioshindwa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini ndio tusiopaswa kusahau. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliipiga safu ya Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, na bado ngome yake ya Kalenga ikaanguka 1894, naye akafa 1898. Vita vya Maji Maji vilipofika Ubena na Ungoni mwaka 1905, Uhehe haikuingia. Viongozi wake walisimama upande wa Wajerumani. Baadaye majeshi ya Kijerumani yakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hivyo vilikuwa vita, si maandamano. Navitaja kwa sababu anayesema zamani watu walikuwa wanapata walichodai anachagua kurasa za kusoma. Hata baada ya Uhuru, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na masharti yakabaki.

Kuna watu waliojaribu kulipima jambo hili kwa hesabu. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walikusanya kampeni kubwa za duniani kuanzia 1900 hadi 2006, zile zilizolenga kuondoa utawala au kujikomboa, wakaona kuwa zisizotumia silaha zilifaulu mara mbili ya zilizotumia. Matokeo hayo yamenukuliwa sana na wanaharakati. Yasiyonukuliwa sana ni yale ya baadaye. Chenoweth alipoendeleza hesabu, kampeni za amani zilizofaulu miaka ya 1990 zilikuwa kama asilimia 65, na baada ya 2010 zikashuka chini ya asilimia 34. Maandamano yenyewe hayakupungua, yaliongezeka. Kilichopungua ni watu: kwenye kilele, kampeni ya miaka ya 1990 ilivuta kwa wastani asilimia 2.7 ya wananchi wa nchi husika, na za baada ya 2010 zilivuta asilimia 1.3. Hesabu hizo hazigusi madai madogo ya soko, ardhi au kodi, ambayo kwetu ndiyo mengi. Lakini mwelekeo wake nauona hata huku.

Ili nieleweke nirudi Tabora, Januari 1958. TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikutana huko ikiwa imegawanyika vibaya. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, vinginevyo kura yake inaharibika. Haki ya kupiga kura yenyewe ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au kazi. Wajumbe wengi walitaka kususia, na hasira yao ilikuwa ya haki kabisa. Nyerere akawashawishi wakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. TANU ikaingia kwenye uchaguzi ule wa 1958 na 1959 ikashinda, na jimbo letu la Nyanda za Juu Kusini likawapeleka kwenye Baraza la Kutunga Sheria John Mwakangale na Lady Chesham, Mzungu wa Iringa aliyeungwa mkono na TANU. Tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Kila kitabu cha shule kina habari hiyo ya Tabora. Mimi kilichonivutia ni jinsi uamuzi ule ulivyofika vijijini, kwa sababu ulikuwa uamuzi mchungu na ungeweza kukivunja chama. Mzee mmoja wa Rungwe, aliyekuwa kijana mwenye kadi wakati huo, alinisimulia kuwa waliitana penye ghala la kahawa kumsikiliza aliyeleta habari, na watu wakamjia juu. Wengine walimwita aliyenunuliwa. Hakuondoka. Alikaa nao hadi jua linazama, anajibu swali moja moja kwa Kinyakyusa, na wiki iliyofuata akaenda kurudia kazi hiyohiyo kijiji cha pili. Mzee anasema siku ile hawakumpenda, ila walimfahamu: walijua kwao, walijua ukoo wake, na walijua kwamba hela za tawi zilipita mikononi mwake zikafika zilikotakiwa. Kwa hiyo walimfuata ingawa moyo ulikuwa haujaridhika.

Huo ndio uwezo ninaouzungumzia. Chama kilikuwa na mtu anayeweza kuwaambia watu wenye hasira kwamba leo tunakubali nusu, na watu wakabaki pamoja. Uwezo huo ulijengwa kwa matawi, vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, vyama vya wafanyakazi vya makuli na watu wa reli, na vikundi vya akina mama ambao Bibi Titi Mohamed aliwaingiza TANU kwa wingi. Tuseme pia haki ya upande wa pili: Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Nyerere aliweza kwenda New York Machi 1955 kuisemea. Mkoloni yule alikuwa na kwao pa kurudi. Vijana wa leo wanadai kwa serikali ya nchi yao wenyewe, na hiyo ni kazi nyingine.

Sasa tazama Kenya, Juni 2024. Muswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi, uliwatoa vijana barabarani karibu kila mji. Tarehe 25 waliingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Tarehe 11 Julai akavunja karibu baraza lote la mawaziri. Afrika Mashariki ni vigumu kupata mfano mwingine wa umma kupata makubwa hivyo kwa wiki chache, na gharama yake ilikuwa ya kutisha: Tume ya Haki za Binadamu ya nchi hiyo ilihesabu vifo vipatavyo 60. Kisha? Kabla Julai haijaisha baadhi ya mawaziri walewale walirudishwa, na viongozi wa chama cha Raila Odinga wakapewa wizara. Desemba, baadhi ya kodi zilezile zikarudi kupitia sheria nyingine. Vijana walikuwa wamejivunia kutokuwa na kiongozi, kabila wala chama. Rais alipofungua mazungumzo kwenye mtandao wa X tarehe 5 Julai walimbana kwa maswali makali kwelikweli, lakini hakuwepo hata mmoja mwenye ridhaa ya wenzake kusema tunakubali hili na lile hapana. Aliyetaka kukaa mezani aliitwa msaliti. Yule wa kwenye ghala la kahawa aliitwa hivyohivyo, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na tawi nyuma yake.

Wanafunzi wangu hunikatalia hapa, na hoja yao ni nzito. Wanasema kiongozi akijulikana anachukuliwa. Ni kweli, na Mbeya tunayo mifano. Agosti 2024 vijana wa Chadema, chama cha upinzani, walipokuwa wakija mjini kwa Siku ya Vijana Duniani, polisi walikamata watu zaidi ya 500 pamoja na viongozi wa juu wa chama, akina Freeman Mbowe, Tundu Lissu na Joseph Mbilinyi. Mei 2025 mwanaharakati Mdude Nyagali alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwake hapahapa Mbeya. Katika mazingira hayo kijana anayekataa kujitaja jina anajilinda, na mimi siwezi kumlaumu.

Lakini ulinzi huo una bei yake, na tuliilipa tarehe 29 Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi watu waliingia barabarani katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na watu wakapoteza maisha. Harakati iliyoishi ndani ya simu ikabaki bila njia ya kuambiana warudi nyumbani, wasubiri, au wakutane wapi. Nchi za wenzetu zimepita njia hiyo. Wasudani walimwangusha rais wao Omar al-Bashir tarehe 11 Aprili 2019. Wao walau walikuwa na umoja wa wanataaluma na kamati za mitaa, na hizo kamati ndizo zilizowaweka imara baada ya mauaji ya Juni 3. Hata hivyo jeshi lilipindua meza Oktoba 2021, na tangu Aprili 2023 nchi iko vitani. Silaha zinaweza kuvunja hata kilichojengwa vizuri. Sidai kwamba kujipanga ni dawa ya kila kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunawacheka vijana kwa kukosa vyombo ambavyo sisi wenyewe, kama taifa, tulivivunja. Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vilifutwa na kuwekwa kimoja chini ya serikali, NUTA. Mwaka 1965 tukawa na chama kimoja kwa sheria Bara. Septemba 1969 Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wanakijiji wa Litowa na vijiji jirani huko Songea walikuwa wamekijenga wenyewe, kinaamua mambo yake na kuendesha shule yake, kilipigwa marufuku na uongozi wa TANU. Na hawa ndio waliokuwa wakiishi ujamaa kwa vitendo kabla ya Azimio la Arusha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, vikiwemo vya kahawa vya huku kwetu. Viliporudi miaka ya 1980 havikuwa tena mali ya mkulima kama vile vya mwanzo. Kijana wa Mwanjelwa anayeuza nguo chini ya mwavuli hakurithi chama cha wafanyakazi wala ushirika. Kilichopo ni kundi la WhatsApp, na ndilo alilotumia. Machinga wa Mbeya walipopambana na polisi Novemba 2011, mji ulisimama kwa siku mbili, na ilibidi mbunge apite akiwatuliza. Waliweza kuusimamisha mji, lakini hawakuwa na chombo chao cha kukaa na halmashauri wiki iliyofuata.

Hata hivyo, pale ambapo watu wamejenga chombo, hata kidogo, naona matokeo. Kule Mbarali, wananchi wa Kapunga waligundua kuwa shamba la mpunga lililobinafsishwa limeuzwa pamoja na ardhi ya kijiji, takriban hekta 1,870. Walikuwa na serikali ya kijiji, mihtasari ya mikutano na mipaka wanayoijua kwa miguu. Walidai kwa miaka, wakabadilishana wasemaji, wakaandika barua juu ya barua, na mwishowe serikali ikakubali ardhi ile irudi kijijini. Hakuna video ya Kapunga iliyotazamwa na mamilioni.

Na mwaka 2023, mkataba wa uendeshaji wa bandari na Dubai ulipowasha moto nchi nzima, wanasheria walifungua kesi Mahakama Kuu hapa Mbeya. Tarehe 10 Agosti walishindwa, na siku chache baadaye wakili Boniface Mwabukusi alikamatwa pamoja na Mdude na Dkt. Wilbrod Slaa. Ukiishia hapo, ni harakati iliyoanguka. Lakini moja ya malalamiko makuu ilikuwa ni makubaliano yasiyo na ukomo, na mikataba ya utekelezaji iliyosainiwa Dodoma tarehe 22 Oktoba ilikuja na ukomo wa miaka 30. Mwaka uliofuata mawakili wa nchi nzima walimchagua Mwabukusi kuwa rais wa chama chao, TLS. Naamini kelele za umma zilichangia ukomo ule, na naamini zaidi kwamba uchaguzi wa TLS usingewezekana kama mawakili wasingekuwa na chama cha kupigia kura.

Ndiyo maana kwa Kenya naiangalia tarehe 10 Agosti 2027, siku ya uchaguzi wao mkuu. Nitataka kuona vijana wa Juni 2024 wangapi wamejiandikisha, wamesimamisha wagombea kwenye kata ngapi, na kama kuna wanayemwamini kiasi cha kukubali akiwaambia jambo wasilotaka kulisikia.