Omena, dirisha na mamangu: Korona ilivyotupata Kayole

Mimi ni nesi, kazi yangu ni kliniki ya TB hapa Nairobi, na maneno ambayo nimeyasema mara nyingi kuliko mengine yote kazini ni haya mawili: fungua dirisha. Kila mgonjwa mpya wa kifua kikuu namwambia, nyumbani fungua dirisha, mchana kaa nje kwa jua, usilale chumba kimoja na watoto kama kuna njia nyingine. Sasa nashangaa mpaka leo, manake Korona ilipokuja kitu cha kwanza nilichofanya kwangu si kufungua dirisha. Nilinunua jiki.

Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa 13 Machi 2020, siku mbili baadaye tukaambiwa shule zinafungwa, na kabla mwezi haujaisha tukawa na kafyu ya saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nyumba yetu ni vyumba viwili, Kayole, ghorofa ya tatu. Tulikua watu watano: mimi, baba watoto, wasichana wetu wawili, na mamangu ambaye alikua amekuja kliniki ya presha na kurudi kwake Murang'a, wiki tatu tu. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake ikafungwa, mwisho wa safari upande wa Thika ukawa daraja la Chania, na kwao ni ng'ambo ya hilo daraja. Basi mamangu akabaki. Miaka 68, ana presha, ana sukari, na analala chumba kimoja na wajukuu huku binti yake anatoka kazini kila jioni kwa watu wanaokohoa.

Usiku nilikua silali, kusema ukweli. Nikifika mlangoni navua viatu, nguo za kazi zinaingia moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya sabuni, naoga, ndio nasalimia watu. Kitindamimba wangu alikua na miaka minne na alizoea kunirukia mlangoni. Tulimfundisha asiruke. Alijifunza haraka sana, wiki moja tu, na siku nyingine nikishaoga nimekaa namwita aje bado anasimama pale karibu na meza ananiangalia kama anauliza kama ruhusa imetoka.

Sabuni nayo ni kitu cha maana, nisieleweke vibaya. Kirusi cha Korona kimevikwa ngozi ya mafuta na sabuni inaivunja, ndio maana tulisema sekunde 20, si kulowesha vidole tu. Lakini mimi nilipangusa pakiti za unga, nikapangusa nyanya, nikapangusa noti za mia, na wakati huo wote dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Na si mimi peke yangu, manake Machi hiyo hata Shirika la Afya Duniani lilikua linasema Korona haisambai kwa hewa, ikachukua mpaka 2021 ndio miongozo yake ikaanza kuitaja hewa waziwazi. Mtu akikohoa au hata akiongea anatoa matone. Yale makubwa yanaanguka chini karibu naye, hapo ndio ile mita moja na nusu inasaidia. Yale madogo sana hayaanguki, yanaelea ndani ya chumba, na kama hewa haitoki yanazidi kuongezeka. TB ni hivohivo na mimi nilikua naifundisha kila siku. Ilinichukua mpaka Mei kuunganisha haya mambo mawili, na bado inaniuma.

Sasa nikaanza kufungua dirisha na mamangu akaanza kulifunga. Kwake baridi ndio inaleta numonia, amelea watoto sita hivo na hakuna nesi wa kumwambia vingine, hata kama huyo nesi alimzaa mwenyewe. Nikitoka kazini nakuta limefungwa na kitambaa kimesukumwa pale kwa ufa. Sikutaka kubishana na mzazi. Jioni moja nilikua nakaanga omena, baba watoto ni mtu wa Homa Bay na hawezi maliza wiki bila omena, na mamangu harufu yake hajawahi kuizoea. Akaniita kutoka chumba kile kingine, mlango umefungwa na pazia limeshuka.

"Mwanangu, hiyo samaki yako imenifuata mpaka huku."

Nikazima gesi nikaenda nikakaa kando yake. Nikamuuliza, mama, jikoni kwako kuni zikiwa mbichi unafanya nini? Akasema anafungua mlango, na tena juu ya ukuta kuna nafasi moshi unapitia. Nikamwambia pumzi ya mtu mgonjwa ni kama huo moshi, ni vile tu haionekani. Na harufu ya omena imefika kwako na hakuna aliyeibeba. Alinyamaza. Kisha akainuka mwenyewe, akatoa kile kitambaa, akavaa sweta ya pili na kofia ya sufu, akasema sawa, lakini wasichana watavaa soksi wakilala.

Haikupita wiki tatu. Ilikua Jumamosi, nakaanga omena tena, baba watoto amesimama kando yangu, karibu kabisa na sufuria, akaniuliza, "Leo tunapika nini?" Nikadhani ni utani. Nikamsogezea kijiko puani akavuta, akatikisa kichwa. Hapo nikajua kabla ya kipimo chochote.

Kipimo kikathibitisha. Mwezi huo Wizara ya Afya ilikua imeanza kuruhusu wenye dalili ndogo kujitunza nyumbani, kwa hivyo akapata chumba cha kulala na dirisha lake, sisi wengine wanne tukahamia sebuleni, mlango wa nje wazi mchana kutwa, tukiwa pamoja ndani maski mdomoni. Chakula kinawekwa kwenye stuli. Nikaazima kile kimashine cha kubana kidole kinachopima oksijeni, asubuhi na jioni anasoma namba kupitia mlango, 96, 95, 96. Ikishuka chini ya 94 unaanza kutafuta msaada, ikifika 90 hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama mtu anasema anajisikia poa, manake Korona inaweza kumaliza oksijeni mtu akiwa bado anaongea vizuri. Siku 14. Mamangu hakuumwa. Siwezi kusema ni dirisha pekee yake, inawezekana ni maski, inawezekana ni Mungu tu, lakini hakuumwa.

Kile kilichonisumbua kazini ni benchi. Lilikua tupu. Mtu wa TB anakohoa, na mwaka huo nani angekohoa ndani ya matatu? Walikua wanaogopa kupelekwa karantini, wakakaa nyumbani na kikohozi chao, na jasho la usiku, wanakonda, wanaambukiza watoto ndani ya chumba kimoja. Duniani kote waliogunduliwa na TB walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, na ugonjwa wenyewe haukua umepungua, watu ndio hawakufika. Wengine nilikuja kuwaona 2021, wamebebwa. Dawa za TB ni miezi sita na zinaponya. Nikifikiria hilo benchi mpaka leo nakasirika.

Njia zikafunguliwa 7 Julai. Mamangu akasubiri siku chache, akafunga mizigo yake, nikamsindikiza stejini na maski mbili za ziada kwa mkoba. Baada ya saa moja hivi akapiga simu. Kelele za gari, upepo mwingi, simsikii vizuri.

"Tumevuka Chania," akasema. "Kuna kijana hapa mbele yangu alikua amefunga dirisha, nimemwambia afungue."

Nikamuuliza kama amevaa sweta.

"Mbili," akasema.