Jeki za kujisawazisha, au pima maji na mbao?

Simu iliingia saa nne usiku. "Fundi, trela limegoma. Linapiga alamu tu, jeki hazishuki." Mzee alikuwa na trela lake la kulala ufukweni Kigamboni, na mama watoto alishahamia kwenye gari. Nikampa shikamoo, nikamuuliza betri inasoma ngapi. Kumi na moja na nusu. Basi, ugonjwa ulikuwa huo. Jeki hizi, zinazolikalisha trela sawa zenyewe, zinakula umeme wa volti 12, na betri ikilegea kompyuta yake inasusa. Nikamwambia aunganishe waya wa gari, awashe injini, asubiri.

Matrela ya kulala, haya ya kuvutwa na gari, ndiyo kazi yangu, na swali la kujisawazisha silikosi kila wiki. Kulala kichwa kikiwa bondeni kunaudhi, lakini anayeumia kweli ni friji. Friji nyingi za gesi kwenye matrela haya hazina kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi. Amonia inachemshwa, inapanda, inapoa, halafu inarudi chini kwa uzito wake yenyewe. Trela likiinama, kimiminika kinatuama, sehemu ya kuchemshia inapata moto kupita kiasi, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani inaganda na kuziba bomba. Hapo hakuna kuzibua. Unabadilisha mfumo mzima wa kupoza.

Kwa friji nyingi za aina hii, kikomo cha kuinama kwa upande ni nyuzi 3. Zinasikika ndogo, na kweli ni ndogo: kama kati ya tairi la kushoto na la kulia kuna mita 2, upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 10 na nusu hivi umeshafika.

Kwa mkono, anza na upande wakati trela bado limeshikwa na gari. Weka pima maji sakafuni, ile ile ya fundi uashi, kisha pandisha matairi ya upande wa chini juu ya mbao. Kama lina ekseli mbili, matairi yote mawili ya upande huo yapande. Usiliache moja linaning'inia. Funga kabari mbele na nyuma ya matairi. Hapo ndipo unalitoa kwenye gari na kusawazisha mbele kwa jeki ya pua, ile ya mbele trela linapofungwa kwenye gari. Miguu ya kwenye kona za trela inakuja mwisho, na kazi yake ni kuzuia mtikisiko tu. Nimeshanyoosha mingi iliyopindwa na watu walioitumia kuinulia trela.

Mfumo wa kujisawazisha unabonyeza kitufe kimoja. Sensa (siyo ile ya watu na makazi) inasoma mwinamo, na mota au haidroliki inasukuma kila jeki mpaka pakae sawa. Kwa mtu mwenye mgongo mbovu, au anayehama kila siku, ni neema, siwezi kubisha. Ila unaongeza uzito wa trela, na hapa pwani hewa ya chumvi inatafuna viungo vya nyaya bila huruma. Mteja asiyetaka kushika grisi ya kuvilinda namshauri akae na mbao zake.

Shida kubwa zaidi ni mchanga. Sensa inajua trela limekaa sawa sasa hivi. Haijui kama chini ya mguu wa jeki kuna mchanga utakaozama. Kwa hiyo hata mwenye mfumo huo namwambia apandishe matairi juu ya mbao kwanza, aweke ubao mpana chini ya kila jeki, kisha mashine imalizie sentimita zilizobaki. Na asiache jeki ziinue matairi yakaachia ardhi, maana msuguano wa matairi ndio unaolizuia trela lisiteleze.

Yule mzee alipata umeme baada ya nusu saa hivi, akabonyeza, akalala. Saa kumi na mbili asubuhi simu tena: mguu wa nyuma kulia umezama kiganja kizima. Nikamuuliza mbao nilizompa ziko wapi. Ziko nyumbani Mbezi, mama amezifanyia rafu ya viatu.