Si kila Lodi ni wa Baraza la Mamwinyi

Nimesoma tena kwamba Castlereagh, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza kuanzia 1812 hadi 1822, alikwenda kwenye Mkutano wa Vienna (1814–15, wa kupanga upya Ulaya baada ya vita vya Napoleon) akiwa mjumbe wa Baraza la Mamwinyi, yaani House of Lords, baraza la bunge la wenye vyeo. Ushahidi? Aliitwa Lodi.

Lodi ni jina la heshima linaloandamana na cheo cha ukoo. Kiti bungeni ni habari nyingine.

Castlereagh, jina lake Robert Stewart, alizaliwa Dublin mwaka 1769, katika tabaka la Waprotestanti wenye mashamba ambao wazee wao walihamia Ayalandi (wa kwake walitoka Uskoti). Baba yake alipopandishwa cheo mwaka 1796, kijana akaanza kuitwa kwa cheo kidogo cha baba, Viscount Castlereagh. Kuitwa tu. Mbele ya sheria mwenye cheo alikuwa mzee, na mwana akakaa na wenzake katika Baraza la Makabwela (House of Commons), la wabunge wa kuchaguliwa.

Hadi hapo watu hunielewa. Tatizo ni 1821, baba alipofariki na Castlereagh akawa lodi kamili, Marquess wa Londonderry. Mbona hakuhamia kwa mamwinyi? Kwa sababu cheo chenyewe kilikuwa cha Ayalandi. Sheria ya Muungano ya 1800, iliyounganisha Ayalandi na Uingereza, iliwaruhusu malodi wa Ayalandi kuchagua wenzao 28 tu waingie Baraza la Mamwinyi. Waliobaki waliweza kugombea kiti katika Baraza la Makabwela, mradi jimbo lisiwe la Ayalandi. Ndiyo maana alikiacha kiti cha County Down, jimbo la Ayalandi, akachukua cha Orford, Uingereza, alichokishikilia hadi alipojiua Agosti 1822. Na sheria hiyo ni yeye aliyeisukuma katika Bunge la Dublin, akiwaahidi watu vyeo! Palmerston naye, lodi wa Ayalandi aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikaa na makabwela toka 1807 hadi kifo chake 1865.

Jambo hili si dogo. Waziri Mkuu Liverpool na Sidmouth wa Mambo ya Ndani wote walikuwa Mamwinyi, hivyo baada ya mauaji ya Peterloo mwaka 1819, askari walipowashambulia waandamanaji Manchester, sheria kali za Sidmouth zilitetewa mbele ya makabwela na Castlereagh. Lawama zikamwangukia yeye.

Kumwita Lodi Castlereagh ni sawa kabisa, endelea. Ila ukitaja kiti chake wakati wa Vienna, andika County Down.