Dhana potofu kuhusu kache ya SSD, kama zinavyosikika madukani Mwanza

"Bosi, chukua hii, ina kache. Ile nyingine itakusumbua." Kauli hii kuhusu SSD, diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka, haikosekani kwenye maduka ya kompyuta katikati ya jiji la Mwanza, na wateja huongeza pesa kwa ajili ya kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka ndani yake. Ina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba ukweli huo umechanganywa na mengi yasiyo sahihi, hivyo wengine wanalipia wasichokihitaji na wengine wanakiacha walichokihitaji sana.

Dhana: Kompyuta inajua faili limekaa wapi ndani ya SSD

Haijui. Windows au Linux inaomba data kwa namba tu, na namba hiyo si mahali halisi. Anayejua mahali halisi ni kidhibiti, chipu iliyomo ndani ya SSD yenye programu yake. Chanzo cha yote ni tabia ya flashi, yaani chipu zinazohifadhi data ndani ya SSD. Data huandikwa ukurasa kwa ukurasa, lakini huwezi kuandika juu ya ukurasa wenye data. Lazima kwanza ifutwe bloku nzima yenye mamia ya kurasa, na kila bloku ina kikomo cha kufutwa kabla haijachoka. Kwa hiyo ukibadilisha neno moja kwenye barua na kuihifadhi, kidhibiti huandika ukurasa mpya mahali penye nafasi, kisha hurekebisha jedwali lake: namba ileile, mahali papya.

Mfikirie mtunza stoo pale Mwaloni Kirumba, mwenye magunia ya dagaa ya watu wengi. Magunia yanahamishwa kila mara, lakini risiti ya mwenye mali haibadiliki, kwa sababu daftari linaeleza risiti ipi iko pembe ipi. Mteja akifika, cha kwanza si kulibeba gunia bali kulifungua daftari. Likiwa mezani, kazi inakwenda. Likiwa limefungiwa ofisini, kila mteja anasubiri lifuatwe.

Na daftari la SSD ni kubwa. Kwa kawaida kila kilobaiti 4 za data zina mstari wake, na kila mstari huchukua baiti 4 hivi. SSD ya terabaiti 1 inahitaji mistari karibu milioni 244, yaani jedwali la takriban gigabaiti 1. Ndiyo maana SSD nyingi zenye DRAM, kumbukumbu ya haraka ambayo ndiyo kache ya madukani, huwekewa gigabaiti 1 ya DRAM kwa kila terabaiti. Kusoma mstari kwenye DRAM huchukua sehemu ya mikrosekunde. Kuusoma kwenye flashi huchukua makumi ya mikrosekunde, na hapo data yenyewe bado hujaifikia.

Dhana: Kache hiyo hubeba faili zako, umeme ukikatika zimepotea

Hofu hii naielewa, maana umeme wetu unajulikana. Lakini DRAM ya SSD za kawaida kwa sehemu kubwa hubeba jedwali la anwani, si picha zako wala hesabu za duka. Nakala ya jedwali huhifadhiwa kwenye flashi, na kila ukurasa wa data huandikwa pamoja na namba yake, hivyo umeme ukirudi kidhibiti kinaweza kulijenga upya. Kilicho hatarini ni kile kilichokuwa kinaandikwa sekunde ileile. SSD za seva huwekewa kapasita za kukamilisha hata hicho. Za laptopu nyingi hazina, kwa hiyo UPS bado ni muhimu.

Kuna kache nyingine inayochanganywa na hii, ile iitwayo SLC. Hiyo ni sehemu ya flashi yenyewe inayotumiwa kuandika kwa haraka, na data yake haipotei umeme ukikatika. Ukihamisha video za harusi za gigabaiti nyingi, kasi ikaanza vizuri kisha ikaporomoka katikati, mara nyingi ni SLC imejaa. Jedwali la anwani halihusiki hapo.

Dhana: SSD isiyo na DRAM ni takataka

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Mwaka 2009 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Aayush Gupta, Youngjae Kim na Bhuvan Urgaonkar, walionyesha kwamba si lazima jedwali zima likae kwenye kumbukumbu ya haraka. Matumizi ya mtu hurudia maeneo yaleyale, kwa hiyo inatosha kushika mistari inayotumika na kuiacha mingine kwenye flashi hadi itakapohitajika. SSD za bei nafuu zinategemea wazo la namna hiyo.

Kisha mwaka 2014 toleo la 1.2 la NVMe, njia ya kisasa ya SSD kuwasiliana na kompyuta, likaleta HMB, utaratibu unaoiruhusu SSD kuazima kipande cha RAM ya kompyuta kuweka sehemu ya jedwali. Kipande cha megabaiti 64 kinaonekana kama si kitu, lakini piga hesabu: ni mistari zaidi ya milioni 16, inayotosha gigabaiti 64 za data. Mwanafunzi wa Malimbe anayeandika ripoti, kufungua intaneti na kuangalia video hawezi kuzunguka gigabaiti 64 kwa saa moja. Kwake NVMe isiyo na DRAM ni nzuri kabisa, na pesa inayobaki ni bora aongeze RAM.

Lakini HMB haipo kwenye SSD za SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Na ukiichukua NVMe hiyohiyo ukaitia kwenye kasha la USB ili uitumie kama diski ya nje, inapoteza RAM iliyokuwa inaazima, kwa sababu njia ya USB haiiruhusu kuifikia. Muuzaji wa jumla mwenye programu ya stoo inayochokonoa rekodi huku na kule siku nzima namshauri bila kusita: nunua yenye DRAM. Huyo ndiye kache inamlipa.

Dhana: Namba ya kasi kwenye boksi inamaliza mjadala

Namba hiyo kwa kawaida ni ya kusoma faili kubwa kwa mfululizo. Kilobaiti 4 za jedwali hubeba mistari 1,024, yaani megabaiti 4 za data mfululizo. Kidhibiti kikilifuata jedwali mara moja kinatembea mbali sana, kwa hiyo kache ndogo na kubwa hukaribiana. Tofauti hujitokeza kwenye usomaji wa vipande vidogo vilivyotawanyika, na namba hiyo boksi nyingi haziitaji.

Kuhusu defragi, ile kazi ya kukusanya vipande vya faili vilivyotawanyika, acha. Ilizifaa diski ngumu zenye sahani inayozunguka. Kwenye SSD unapanga namba za juu tu, huku mahali halisi pakibaki uamuzi wa kidhibiti, na kila kinachohamishwa kinaila flashi.

Simu nazo zimo. Januari 2020 JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya kumbukumbu, ilitoa kiwango cha HPB kwa UFS, aina ya hifadhi ya ndani ya simu: simu huweka sehemu ya jedwali kwenye RAM yake ili usomaji uwe wa haraka.

La mwisho ni kwa wanaouza laptopu iliyotumika. Wengi hujaza diski kwa muziki wakiamini wameandika juu ya siri zao. Kwenye SSD muziki huo umeandikwa kwenye kurasa nyingine. Za zamani zinaweza kuwa bado zipo, zikisubiri bloku yao ifutwe. Tumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya SSD yenyewe, ambayo programu ya mtengenezaji huiita kwa urahisi, au washa usimbaji wa diski (kufunga data kwa msimbo wa siri) tangu siku ya kwanza unapoinunua.