Kituo cha anga za juu kikiharibika, nani anakwenda kuwachukua?

Juzi Mikindani, tukisubiri samaki wapakuliwe, mzee mmoja alisema kwa uchungu: kituo cha anga kikipata hitilafu, waliomo wamekwisha, maana mpaka roketi iandaliwe huku chini watakuwa wamekufa. Wengi wanaamini hivyo. Sivyo, mzee wangu.

Tazama jahazi lile, nyuma limefungiwa kihori. Kule kilomita 400 juu ni hivyo hivyo. Chombo kilichowapeleka kinabaki kimeshikamana na kituo, na kila mtu ana kiti chake. Ndani ya Soyuz, chombo cha Warusi, kiti hufinyangwa kwa umbo la mgongo wa mwenyewe. Hewa ikivuja, wanaingia, wanafunga mlango, wanajitenga. Kwa Soyuz, kushuka huchukua kama saa tatu na nusu.

Kinachonitia hofu mimi ni kihori chenyewe kutoboka. Desemba 2022 Soyuz MS-22 ilivuja kimiminika cha kupozea mitambo. Mmarekani Frank Rubio na Warusi wawili wakabaki bila chombo cha kuaminika, na kiti cha Rubio kikahamishiwa kwa muda kwenye Dragon, chombo cha Wamarekani kilichokuwa kimeshikamana na kituo. Februari 2023 Urusi ikarusha Soyuz nyingine, tupu, kuwafuata. Rubio alirudi baada ya siku 371.